Yule wa Kwa Mtoto Siyo Komba

Siku mliponiaga ofisini Ruangwa mlinipa birika la umeme na ombi. Birika nimempa binti yangu, maana mimi chai isiyo na moshi naiona kama dawa ya hospitali. Ombi ndilo hili ninalolitimiza hapa kibarazani kwangu Nachingwea: niwaandikie kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi ya misitu. Vyeo sitaviandika. Vingine vilichelewa mpaka nikasahau kwamba nilivitaka. Nitaandika zaidi habari ya msitu mmoja mdogo, ng'ambo ya Mandawa, ambao ulinisumbua akili tangu nilipokuwa msichana mgeni kazini mpaka nikawa bibi. Kila kilichouzunguka kilikatwa, wenyewe ukabaki, na mimi nilikuwa nataka kujua kwa nini.

Nilianza kazi nimevaa viatu vya harusi. Sikuwa na vingine vizuri, na mama yangu pale Marambo alisema ofisi ya serikali haiendewi na kandambili. Bosi wangu wa kwanza, Bwana Chilumba, aliviangalia vile viatu, akaniangalia usoni, akarudi tena kwenye viatu.

"Binti, unakwenda kuolewa au unakwenda kupima miti?"

"Kupima miti, shikamoo."

"Marahaba. Basi vua."

Akanitafutia buti za mtu aliyehamishiwa Liwale. Zilinipwaya, nikazijaza vitambaa, na kwa muda mrefu watu wa vijijini walinijua kwa mlio wa buti kabla hawajaniona uso. Vifaa vingine alinipa siku hiyohiyo: panga, dira, tepu ya kuzungushia shina ili kujua unene wa mti, na kopo la rangi nyekundu ya kuchorea mipaka. Nyundo ya kugongea alama kwenye magogo hakunipa. Ile ililala kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, na ufunguo alilala nao yeye. Mke wake alikuwa akilalamika kwamba nyundo inapendwa kuliko yeye, na sidhani kama alikuwa anatania.

Bwana Chilumba alikuwa mtu mrefu, mpole, mtafunaji wa mihogo mibichi. Chuoni nilifundishwa kuhesabu miti, yeye akanifundisha kunyamaza, na kati ya hayo mawili mnajua lipi lilinipa taabu. Kila tulipofika penye miti alinisimamisha. "Funga mdomo. Nusa." Baada ya muda nilianza kuelewa. Msitu una baridi yake hata jua likiwa utosini, una harufu ya majani yaliyooza na uyoga, na ukikanyaga ardhi inarudisha mguu taratibu. Tukishanusa, aliuliza swali lake, lilelile kila mahali: "Huu ni msitu, au ni kitu cha kimsitu?"

Cha kimsitu, kwa maana yake, ni kile chenye kivuli cha msitu, ukimya wa msitu, hata harufu yake, lakini hakikuanza kama msitu. Shamba la misaji ni la kimsitu. Mikorosho iliyotelekezwa, ikaingiliwa na miti ya porini, ni ya kimsitu. Alisema hata watu wapo wa kimsitu, wametulia, ukikaa nao unapoa, na huwezi kujua ndani wanafuga nini. Nikamwuliza mimi je. Akatafuna muhogo wake akasema, "Wewe ni wa kisokoni." Nilicheka, ingawa iliniuma kidogo.

Ule msitu tuliuona mara ya kwanza tukiwa kwenye pikipiki, yeye anaendesha, mimi nimekumbatia kopo la rangi. Wakati ule eneo letu lilikuwa huku kote, Nachingwea na Ruangwa. Tulitoka Mandawa kwa barabara ya vumbi, kulia ufuta, kushoto visiki na ufuta, na mbele mikorosho. Halafu kikaja kilima kimoja kimevaa miti mpaka chini. Bwana Chilumba akazima pikipiki.

"Kwa nini huu umebaki?"

Nikatoa majibu ya chuoni. Pengine pana mwinuko mkali. Hapakuwa na mwinuko, kilima chenyewe mtoto angekipanda kwa mguu mmoja. Pengine mawe. Hapakuwa na mawe. Udongo ulikuwa mweusi, mzuri kuliko wa mashamba yote tuliyoyapita. Ufuta unapenda ardhi mpya, kila mwaka watu wanafyeka mbele zaidi, sasa pale walipitaje wakapaacha?

Tukamkuta mkulima mmoja anaanika ufuta wake, tukamsalimu, tukamwuliza. Akasema pale panaitwa Kwa Mtoto, na hapakatwi mti.

"Kwa sababu gani?"

"Analia."

"Nani analia?"

"Mtoto."

Bwana Chilumba akatabasamu. "Huyo ni komba, bwana." Komba mnamjua, kinyama cha usiku chenye macho makubwa, kinalia kama mtoto mchanga aliyenyimwa ziwa.

Yule mkulima hakukasirika. Alituangalia kwa huruma, sisi watu wa pikipiki. "Komba tunamjua. Wangu yupo pale kwenye mkorosho, kila jioni ananipigia kelele. Yule wa Kwa Mtoto siyo komba."

Bosi wangu alipohamishiwa Songea, miaka kadhaa baadaye, tulimuaga kwa pilau. Wengine walimwomba nasaha. Mimi alinivuta pembeni akaniachia ufunguo wa sanduku la nyundo, akasema, "Ule wa ng'ambo ya Mandawa, ukijua, nijulishe." Niliahidi, nikadhani ni suala la wiki chache.

Kazi ikanimeza. Nilipita Matambarale, nilipita Marambo kwetu, ambako ilikuwa vigumu kumkamata mtu mwenye mkaa kwa sababu kila mwenye mkaa ni binamu. Kesi zilizonichosha kuliko zote zilikuwa za mahame. Mahame, kwa ninyi mliozaliwa juzi, ni mahali palipokuwa na kijiji watu wakahama. Huku kwetu yapo mengi, maana wakati wa Operesheni Vijiji watu walikusanywa kutoka kwenye makazi yao ya zamani wakapelekwa vijiji vya pamoja, na kwingine paa la nyumba lilichomwa ili mtu asirudi. Sasa kila aliyetaka kufyeka pori la ufuta alikuwa na maneno yaleyale: "Mama misitu, hapa mahame ya babu yangu." Mababu wa wilaya hii, kwa hesabu hiyo, walikaa kila mahali kwa wakati mmoja.

Basi nikajifunza kusoma mahame. Penye mahame ya kweli utakuta mdimu ambao ndege hakuupanda, mstari wa minyaa iliyokuwa uzio, vigae vya vyungu, jiwe la kusagia, na jalala la zamani ambalo udongo wake ni mweusi na laini. Jamaa mmoja alinipeleka kunionyesha mwembe alioupanda babu yake. Ulikuwa haujanifika kiunoni. Nikamwuliza babu alifariki lini, juzi? Akacheka yeye mwenyewe, tukarudi kijijini tunaongea mambo mengine.

Na kila nilipopita ng'ambo ya Mandawa nilisimama. Nilihamishiwa Ruangwa moja kwa moja, pikipiki zikabadilika, dira ikaachwa tukapewa simu zenye ramani, na Kwa Mtoto pamesimama vilevile. Nikiuliza wazee wanaume, wanasema walikuta hivyo. Nikiuliza vijana wanasema kuna jini. Nikiuliza wanawake watu wazima wananikaribisha kula. Ugali mzuri, jibu hakuna. Nilipaswa kuligundua hilo mapema, lakini njaa nayo ina nguvu zake.

Kisha ukaja wakati wa vijiji kutenga misitu yao wenyewe, kijiji kiweke mipaka, kitunge sheria ndogo, kilinde. Kijiji kile kikachagua Kwa Mtoto. Mkutano ulipitisha kwa kelele za furaha, na nilielewa: walikuwa wanatoa sadaka chakula wasichokila. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Issa, mkulima mchapakazi na mtu wa dini, alikuwa na fahari kweli. "Msitu wa asili, mama," aliniambia. "Tangu dunia iumbwe." Sheria walizoandaa zilikuwa kali: hakuna kulima, hakuna kukata, hakuna kuingia bila ruhusa, hakuna kuzika. Hiyo ya kuzika iliwekwa kwa sababu kwingine watu waliwahi kuzika maiti mpya kwenye pori ili wadai ardhi. Nikaiona ya busara, nikaipitisha.

Siku ya kupaka rangi mipaka kamati nzima ilinisindikiza mpaka ukingoni, ikasimama hapo. Nikasema nahitaji kuona ndani. Wakatazamana. Bwana Issa, kwa kuwa ni mwenyekiti, akavuta pumzi akanifuata, midomo inasoma dua.

Ndani palikuwa pazuri, jamani. Baridi, uyoga, ukimya, matawi ya mitondoro yamefunga juu. Nikasimama, nikafunga mdomo, nikanusa. Halafu nikaanza kuona. Mifupa ya mikorosho mizee iliyokufa imesimama, tena kwa mistari. Mnyaa, na mnyaa mwingine, na mwingine. Mdimu. Nikakanyaga kitu kigumu, nikafukua majani kwa buti: jiwe la kusagia. Moyo ulinidunda kwa furaha. Siyo msitu tangu dunia iumbwe. Ni wa kimsitu! Nilisimama ndani ya kijiji cha watu.

Sikupata nafasi ya kumwambia Bwana Issa, kwa sababu hatua chache mbele tulikuta kitu ambacho mahame yoyote hayana. Palikuwa na mahali pamefagiliwa. Pande zote majani makavu yamefika kwenye kifundo cha mguu, na katikati kipande kidogo cha ardhi tupu, safi, mistari ya ufagio bado inaonekana. Juu yake kikombe cha bati, cha zamani, kimetobolewa kitakoni.

"Mama misitu," Bwana Issa alisema kwa sauti ndogo, "majini yanafagia." Na akaondoka. Sisemi alikimbia, yeye ni mwenyekiti.

Mimi nilibaki. Nikazunguka, nikachungulia, nikaukuta ufagio wa vijiti umepachikwa kwenye panda ya mti, mkono wake umefungwa kwa kipande cha kanga. Jini mwenye kanga sijamsikia. Na kikombe kile nilikielewa, kwa sababu kwetu Marambo zamani marehemu aliwekewa chombo chake juu ya kaburi, kikatobolewa ili asitokee mtu wa kukitamani. Kilikuwa kikombe kidogo. Nilikaa chini pale pale, hamu ya kujua na huzuni vimenijia kwa pamoja.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nikajiuliza, kama mtu anakuja huku bila kuonwa, anakuja saa ngapi? Kijiji chote kina macho. Isipokuwa Ijumaa adhuhuri, wanaume wakiwa msikitini, na mwanamke anayeelekea porini na kamba ya kuni haulizwi. Ijumaa iliyofuata nikaacha pikipiki mbali, nikakaa karibu na mdimu.

Akaja bibi mfupi, mwembamba, anatembea bila kuangalia njia, kama mtu anayeingia jikoni kwake. Alikuwa Bibi Somoe. Nilikwishakula ugali wake mara nyingi.

"Shikamoo bibi."

Hakushtuka. "Marahaba mwanangu. Nilijua wewe ndiye utakayekuja. Una maswali mno."

Akachukua ufagio wake, akafagia kwanza, akamaliza, ndipo akakaa. Alizungumza nusu Kiswahili nusu Kimwera, na Kimwera nakielewa kuliko ninavyokisema, kwa hiyo nilinyamaza zaidi ya kawaida yangu. Pale tulipokaa palikuwa uani kwake. Mtoto wake wa kwanza, Mwanahawa, aliondoka kwa surua, akazikwa kando ya nyumba. Muda si mrefu wakaja watu na malori, wakahamishwa. Wanaume walirudi kuchuma korosho mpaka mikorosho ilipozeeka, wakaacha kwenda, wakaacha hata kupataja, na watoto wakakua bila kujua kwamba palikaliwa. Kisha ufuta ukapanda bei na watu wakaanza kufyeka. Kilima cha jirani kilikuwa na makaburi pia. Kililimwa.

"Ufuta uliota vizuri pale," alisema. "Mama mmoja aliuvuna juu ya mama yake, hajui."

"Ndipo mkasema kuna jini?"

"Mimi sikusema jini. Jini wameongeza wenyewe." Akanyoosha kidole juu kwenye matawi. "Jioni moja wanaume wamekaa wanasikia komba huku. Mmoja akasema, komba huyo. Nikasema, yule wa kule siyo komba. Basi, nikaingia ndani kupika."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Wenzangu wakasikia, wakajua nataka nini. Nao wakasema hivyohivyo, kila mmoja kwake."

Miaka yote ile, mwanakwetu. Kilima kizima kimeota juu ya sentensi moja ya mwanamke anayeenda jikoni. Nilitaka kucheka na nilitaka kumshika mkono, nikafanya la pili.

Ndipo nikamweleza habari ya sheria ndogo, maana hakuwa ameelewa mkutanoni. Nilipofika kwenye kuzika alinikatiza.

"Hata mimi?"

"Hata wewe, bibi. Mtazikwa kwenye makaburi ya kule msikitini, wote."

Aliangalia kile kikombe. "Mtoto wangu analala peke yake tangu hajui kufunga kifungo. Nilimwambia nakuja. Ndiyo maana napafagia, asidhani nimesahau." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Sasa mimi nitalala wapi?"

Nikamwambia jambo lilikuwa rahisi: awaambie watu ukweli, kwamba huku ni makaburi, sheria itabadilishwa. Aliniuliza kama nimewahi kuona mtu wa ufuta anayeogopa kaburi. Mtu haogopi maiti wa mwenzake, alisema, anaogopa asichokijua. Akisema ni komba, watafyeka. Akinyamaza, miti itabaki na yeye atakuwa nje. Nilimwambia nitajaribu njia nyingine, na siri yake itabaki kwangu.

Njia yangu nyingine ilikuwa mbovu. Siku ya mkutano mkuu, sheria zikisomwa, nilisimama nikapendekeza katazo la kuzika lilegezwe, wale wenye ndugu waliolala mle waruhusiwe. Watu wakashangaa. Akainuka kijana mmoja, Hamisi, muuza simu za mitumba, miguuni raba zenye nyota kwenye soli, kichwani maneno ya redio za Dar.

"Mama misitu, tunakuheshimu sana. Ila hiyo ya kuzika imetokea wapi? Mle hajawahi kukaa mtu. Hapo kuna mchongo. Kesho mjanja ataleta maiti, keshokutwa analeta jembe."

Akapigiwa makofi, na kwa haki, maana nami ningempigia. Bwana Issa akaniuliza kama nina ushahidi wa ndugu hao. Ushahidi ulikuwa umekaa upande wa wanawake, umeinamisha kichwa. Nikasema sina. Mwenyekiti akainua mkono ili watu wapige kura ya kulibakiza katazo.

Bibi Somoe akasimama. Alichukua muda, magoti yake yalikuwa hayamsikii, na alipokuwa wima kila mtu alikuwa anamtazama.

"Ushahidi ni mimi," alisema. "Mle palikuwa kwangu. Yule mnayemsikia ni komba. Nilisema siyo komba kwa sababu mlikuwa mnakata, na mtoto wangu yuko mle. Anaitwa Mwanahawa. Nataka kulala naye. Nimemaliza."

Kisha mwanamke mwingine mtu mzima, Bibi Fatu, akasema akiwa amekaa, bila kumtazama yeyote: "Wangu yuko chini ya mdimu." Na wa nyuma yake akasema mama yake yuko karibu na jalala. Wakaendelea hivyo, sauti moja moja, wanataja watu na mahali, na wanaume wa rika lao walikuwa wanaangalia ardhi, kwa sababu baadhi ya majina yalikuwa ya watoto wao pia. Mimi nililia waziwazi, mtumishi wa serikali na buti zangu.

Ruhusa ya kuzika ilipita. Lakini nilirudi nyumbani na hofu. Siri imefunguliwa, msimu wa kufyeka uko mlangoni, nani atawazuia? Nikawa napita pale kila nilipopata mafuta ya pikipiki. Mwezi wa kwanza, hakuna mti uliokatwa. Msimu ukapita, hakuna. Nikamwuliza yule mkulima wetu wa zamani, sasa mzee, kama hakusikia maneno ya Bibi Somoe.

"Nilisikia. Nilikuwepo."

"Sasa si ni komba?"

Akaniangalia kwa ile huruma yake ya zamani. "Mama misitu, mle analala mtoto, tena siku hizi ana jina. Halafu wewe unaniambia ni komba?"

Nikampigia simu Bwana Chilumba, Songea. Masikio yamemchoka, ilibidi nipaze sauti mpaka majirani wakajua habari yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kwa hiyo ni msitu, au ni wa kimsitu?" Nikamwambia nilikuwa na uhakika siku nilipokanyaga jiwe la kusagia, ila sasa sijui tena. Akasema hata yeye hajui, na kwamba sasa anaweza kula muhogo wake kwa amani.

Nilistaafu. Bibi Somoe aliondoka mvua zilizofuata, kwa uzee tu, jikoni kwake. Waliniita kwa kuwa mahali penyewe, kando ya kikombe kile, nilipajua mimi kuliko vijana wa kuchimba. Asubuhi nikawaonyesha, Hamisi akiwa mmoja wao, nikatoka. Sisi wanawake hatuendi kuzika, hivyo baada ya alasiri nilikaa na Bibi Fatu penye njia panda, tukaona jeneza linapanda kilimani chini ya miti.

Magharibi ilikuwa inaingia walipotoka. Walikuwa wanatembea haraka kidogo kuliko watu waliochoka. Nyuma yao, juu kwenye mitondoro, kilio kikasikika, kirefu, cha kichanga. Majembe yakasimama mabegani.

"Bibi alisema ni komba," akasema kijana mmoja.

"Alisema," Hamisi akajibu, bila kugeuka. "We tembea."

Ijumaa iliyofuata nilipanda bodaboda kutoka Nachingwea mpaka ng'ambo ya Mandawa. Nilikuwa na uchungu njiani, najiuliza makaburi yale mawili yatafagiliwa na nani, mimi magoti yangu nayo yanaanza kunigomea, na Bibi Fatu haoni vizuri. Niliingia adhuhuri, nikafunga mdomo, nikanusa, nikafika.

Palikuwa pamefagiliwa, pote pawili. Ufagio umerudishwa kwenye panda yake. Na kwenye udongo laini wa kaburi jipya, pembeni, alama za raba, soli yenye nyota.